Sura ya Sita: Chokaa Mara Mbili

Inspekta Pelling alilipiga jiwe teke, akajuta papo hapo, maana jiwe halikutikisika na kiatu kilikuwa kipya.

"Hii ndiyo ilimuua," alisema kwa Kiswahili alichookota Nairobi. "Salumu panda juu, Salumu sukuma, jiwe anguka kichwani. Maneno kwisha."

Sajini Jamali bin Athumani alilitazama jiwe. Ulikuwa mwaka wake wa kumi na moja katika kazi ya askari kanzu, na katika miaka hiyo alikuwa amezoea kumeza hasira pamoja na mate. Walikuwa wamesimama Kibamba, pale kilima kilipokatwa katikati ili barabara mpya ya Morogoro ipite, na kuta mbili za udongo zilisimama huku na huku kwa urefu wa kushinda nyumba. Chini ya ukuta wa kulia ndiko vibarua walikomkuta marehemu Gaudens jana Jumapili asubuhi, amelala kifudifudi, fuvu limepasuka, na jiwe liko kando yake.

Gaudens alikuwa mtu wa idara ya madini. Kazi yake ilikuwa kutembea kwa miguu kutoka ng'ambo ya milima ya Morogoro mpaka baharini, akiokota mawe na kuandika kila jiwe limetoka maili gani. Watu walimwona kichaa, lakini kichaa asiye na madhara. Mtu mmoja tu ndiye aliyegombana naye hadharani, naye ni Salumu Shomari, dereva wa lori la kuleta mawe kutoka mlimani. Alhamisi, kwenye kibanda cha chai, Salumu alimfokea mbele ya watu kumi kwamba amechoka kusimamishwa njiani ili mawe yake yapekuliwe, na kwamba iko siku jiwe mojawapo litampasua kichwa. Siku tatu baadaye akakutwa kichwa kimepasuka kweli. Ulimi hauna mfupa, na wa Salumu ulikuwa umemfunga pingu.

"Saa nane faili iende kwa hakimu," Pelling alisema.

Jamali alijua maana yake. Faili likishapanda kwa hakimu halishuki tena, na mtu mweusi aliyetishia kuua kisha ikapatikana maiti hahitaji mashahidi wengi kufikishwa kwenye kitanzi. Alikuwa amekaa na Salumu mahabusu jana jioni kwa saa mbili nzima. Kijana alilia, akatukana, akaapa kwa Mungu, kisha akauliza nani atampelekea mkewe kuni. Jamali amewahoji wauaji wengi, na hajaona hata mmoja aliyeulizia kuni.

Akausogelea ukuta. Kilima kilichokatwa huonyesha tumbo lake, na tumbo la kilima hiki lilikuwa la matabaka. Juu udongo mwekundu wenye changarawe, katikati jiwe la mchanga la rangi ya njano, na chini, usawa wa kiuno, mstari mwembamba wa makombe ya chaza yaliyogeuka jiwe. Makombe ya chaza juu ya kilima, bahari iko maili kumi na tano. Jamali alikwangua lile jiwe la njano kwa ukucha, likamomonyoka na kumwagika kiganjani.

Kisha akachutama mbele ya jiwe lililoua. Lilikuwa na ukubwa wa fenesi changa, zito, jeusi lenye mistari myeupe, na kila alipoinamisha kichwa, vipande vya ulanga vilimetameta juani. Ukucha haukuweza kulifanya kitu.

"Bwana Inspekta, jiwe hili halikuanguka kutoka juu. Kilima hiki hakina jiwe kama hili hata moja. Hili ni la mlimani, Morogoro."

Pelling alitabasamu kwa mara ya kwanza siku ile. "Na nani leta mawe ya Morogoro kwa lori? Salumu. Vizuri sana, Sajini. Wewe nisaidia."

Jamali alihisi masikio yakimwaka moto. Alikuja kulegeza kitanzi, na sasa amekikaza. Alitamani kujipiga makofi mbele ya vibarua waliokuwa wakimtazama.

Alilipindua jiwe ili lisimwone usoni, ndipo alipoona kwa chini doa jeupe lenye upana wa kiganja.

"Na hii?"

"Mavi ya ndege," alisema Pelling, akaondoka kwenda kwenye hema la wapima barabara alikoalikwa chakula. Aligeuka mara moja tu. "Saa nane, Sajini. Dakika moja zaidi, hapana."

Jamali alitia sahihi karatasi ya kielelezo, akalitia jiwe guniani, na kupanda gari la kwanza lililoteremka mjini.

* * *

Gaudens alikuwa amepanga chumba cha uani Kinondoni, kwa Bi Sakarbai, mjane wa Kihindi mwenye duka la misumari na kamba. Marehemu mumewe alikuwa na matanuru ya chokaa Kunduchi, na mama huyu alizaliwa pwani hii hii, akakijua Kiswahili kuliko wengi waliokuwa wakimcheka kwa rangi yake. Jamali alimkuta amesimama mlangoni, mkono kiunoni.

"Shikamoo, Bi Sakarbai."

"Marahaba. Kama mmekuja kutupa yaliyobaki, rudini mlikotoka."

"Kutupa nini?"

"Askari wenu wawili walikuja jana. Wakayaita takataka. Mawe ya mtu aliyekufa, wanayapiga mateke mpaka uani! Nimeyaokota mie mwenyewe na magoti yangu haya. Hivi nyie hamna mama?"

Jamali aliinamisha kichwa.

Alipelekwa barazani kwa nyuma. Ubao mrefu ulikuwa umeegemezwa ukutani, na juu yake mawe yamepangwa mstari mmoja, kila jiwe limelala juu ya karatasi yake yenye mwandiko mzuri wa shule ya misheni. Bi Sakarbai alikuwa amelirudisha kila moja mahali pake kwa kusoma karatasi. Barabara nzima ilikuwa pale. Ilianza kule ng'ambo ya milima, nyika kavu isiyo na mvua, kwa vipande vyeupe vya magadi na jiwe chakavu lenye alama ya mguu wa mdudu. Zikafuata maili za mlimani, mawe meusi na ya waridi yenye ulanga. Kisha changarawe nyekundu, kisha jiwe la njano na chaza wa Kibamba, kisha udongo mweupe laini, na mwisho, ukingoni mwa ubao, kipande cha tumbawe chenye matundu.

"Alikuwa akiniambia bahari ilifika mpaka kule Kibamba," alisema Bi Sakarbai, na sauti ikapungua ukali. "Zamani, kabla ya watu. Akishika chaza wake huyo, utadhani kashika mtoto. Mie nikamwambia labda ni gharika ya Nabii Nuhu. Akacheka, akasema Nuhu atakuwa alipita baadaye sana."

Jamali alitoa jiwe guniani, akaligeuza. "Hili doa. Inspekta anasema mavi ya ndege."

Mama alilikwangua kwa ncha ya pini, akaweka ungaunga ulimini, akatema.

"Inspekta wako akale yeye hayo mavi. Hii chokaa. Chokaa ya matumbawe, tena ya kukoroga na maji. Nimeishi na vumbi hili miaka thelathini, linakuuma ulimi hapa pembeni." Akalitazama jiwe lenyewe. "Lakini jiwe ni la mlimani. Jiwe la mlimani na chokaa ya baharini, wamekutana wapi hawa?"

Ndilo swali ambalo Jamali alikuwa akilitafuta tangu asubuhi. Alipitisha macho kwenye ubao tena, polepole, na baada ya maili ya Kibamba akaona karatasi mbili zisizo za maili. Ya kwanza ilikuwa na jiwe jeusi juu yake, imeandikwa: *Manzese, yadini, nje ya rundo*. Ya pili ilikuwa tupu. Ilisema: *Manzese, yadini, ndani ya rundo*.

"Jiwe la hapa limepotea jana, askari walipoyatupa?"

"Halijapotea. Halijafika. Gaudens alikuwa akiandika karatasi kwanza, ndipo aende kulitafuta jiwe. Alikuwa akisema jiwe lisilo na pa kulala hupotea njiani." Mama akaigusa karatasi kwa kidole. "Hii aliiandika Ijumaa alasiri. Akanywa chai, akasema anarudi kabla ya magharibi."

Jamali aliitazama karatasi ile tupu na hasira ikampanda upya, sasa ikiwa na anwani. Askari wawili walikuwa wameishika mikononi mwao jana na kuitupa uani. Akaitia mfukoni. Saa yake ilionyesha saa tano na nusu.

* * *

Yadi ya mawe ya Manzese ilikuwa kando ya barabara kuu, kwenye mashamba ya mihogo. Lori la Salumu lilikuwa likishusha pale mawe ya mlimani, na wanawake wapatao ishirini waliyapasua kwa nyundo, wakayapanga katika marundo marefu ya kifuani, yasubiri kwenda kujenga msingi wa daraja jipya mbele ya Kibamba. Kila rundo lilikuwa jeupe kwa juu na ubavuni, kana kwamba limemwagiwa uji.

"Hiyo chokaa ya nini?" Jamali alimuuliza mwanamke wa kwanza, mtu mzima aitwaye Somoe, aliyejifunga kitambaa vidoleni.

"Ya kufungia rundo, mwanangu. Nyapara akishapima, anamwaga chokaa. Ukichomoa jiwe moja, pengo linakuwa jeusi, linaonekana toka barabarani. Basi hapo umekwisha. Rundo zima analivunja, unaanza upya kama hujawahi kufanya kazi."

"Kwa jiwe moja?"

"Kwa jiwe moja! Huyo Ansbert? Mwezi uliopita alimvunjia Mwanahawa, na mtoto yuko mgongoni. Anatufokeaga mpaka mate yanaturukia."

"Na chokaa inakaa wapi?"

"Stoo. Ufunguo anavaa shingoni."

Kwa hiyo jiwe lililomuua Gaudens lilikuwa limetoka ubavuni mwa rundo lililokwisha kupimwa. Halikutoka kwenye lori, kwa maana juu ya lori hakuna chokaa. Jamali alitembea kati ya marundo akitafuta pengo jeusi. Alizunguka yote kumi na manne. Hakuona pengo hata moja, na kwa muda akaona dunia inamfanyia mzaha.

Akarudia mzunguko, mara hii akiwa na kisu mkononi. Kwenye kila rundo alikwangua kidogo. Chokaa ilitoka ganda moja jembamba, chini yake jiwe. Rundo la kwanza, la pili, la tano, ganda moja. Rundo la tisa lilimwonyesha kitu kingine. Ganda jeupe, chini yake mstari mwekundu wa vumbi la barabara, mwembamba kama uzi, na chini ya vumbi ganda jeupe tena. Akakwangua jiwe la jirani, maganda mawili. La pili lake, maganda mawili. Halafu jiwe moja, usawa wa kiuno, kubwa kama fenesi changa, lilikuwa na ganda moja tu.

"Rundo hili la nani?"

Nyundo zilisimama. Ndipo mwanamke kijana, macho yamevimba kwa kulia, akainuka kutoka chini ya kivuli cha makuti.

"La kwangu."

"Jina lako?"

"Tunu binti Shomvi. Mke wa Salumu."

Jamali alimwashiria wakae pembeni, na Somoe akaja nao bila kualikwa, akaketi kama mwenye ndoa.

"Rundo lako lilipimwa lini, Tunu?"

"Ijumaa asubuhi."

"Likapakwa chokaa?"

"Hapo hapo."

"Mara ngapi?"

"Mara moja. Rundo hupakwa mara moja, afande."

"La kwako limepakwa mara mbili. Na kuna jiwe moja halikuwapo mara ya kwanza."

Tunu alitazama chini. Alianza kuchuna ngozi ngumu ya kiganja chake.

"Sijui."

"Unajua."

"Nimesema sijui! Mnataka nini tena? Mume mmenichukulia, mnataka na kazi?"

Hasira iliyokuwa imemkaa Jamali kooni tangu Kibamba ilitoka, na ikatokea pasipostahili. "Sikiliza wewe! Saa nane faili lake linakwenda kwa hakimu. Nikiondoka hapa na huo uongo wako, mie nakwenda nyumbani kula chakula changu. Yeye anakwenda kunyongwa. Umenielewa? Kunyongwa! Sasa niambie tena hujui."

Tunu aliinua uso. Alipoanza kusema, maneno yalitoka kwa mfululizo.

"Jumamosi nilikuja alfajiri, wenzangu bado. Nikakuta rundo langu lina pengo. Jiwe halipo. Nikasema nimekwisha, leo analivunja. Nikaokota jiwe jingine kwenye lundo la kushusha, nikaliziba. Lakini likawa jeusi katikati ya meupe, kipofu angeliona. Nikaona bora niseme mwenyewe kuliko nikamatwe. Nikamfuata Ansbert stoo, nikapiga magoti. Nikamwambia bwana, nimekuta pengo, si mie niliyechomoa, nisamehe."

"Akasemaje?"

"Hakusema kitu."

"Hakukufokea?"

"Hakunifokea. Akafungua stoo, akakoroga chokaa kwa mkono wake, akaja akalimwagia rundo zima, juu mpaka chini. Akaniambia nikae kimya, wenzangu wasije wakamwona ana upendeleo. Nikamshukuru, afande. Nilimbusu mkono."

"Ansbert?" Somoe alishika kifua. "Ansbert akoroge chokaa mwenyewe? Na asitukane? Hiyo haijapata kutokea toka yadi hii ifunguliwe!"

Haijapata kutokea. Jamali alilirudia neno hilo kimoyomoyo. Nyapara anayevunja rundo zima kwa kukosekana jiwe moja, safari hii haulizi jiwe limekwenda wapi, wala nani kalichukua. Mtu huuliza kile asichokijua tu. Alichokwisha kukijua, anakinyamazia.

"Jambo la mwisho. Ulipoliona pengo, ndani uliona nini?"

Wanawake wawili walitazamana. Somoe akatikisa kichwa kidogo sana, na Tunu akafunga mdomo. Jamali alitoa mfukoni karatasi ya Gaudens, akawasomea: *Manzese, yadini, ndani ya rundo*. Wote wawili wakatazama marundo, na hilo lilitosha kumwambia ndani mna kitu, na kwamba kila mmoja wao anakijua.

* * *

Ansbert alikuwa mtu wa mwili, shati la kaki limepigwa pasi, ufunguo ukining'inia kifuani. Nyuma yake, kando ya stoo, kulikuwa na gari dogo la yadi lenye sehemu ya mizigo nyuma. Alimtazama Jamali kama mtu anayetazama mvua.

"Ijumaa jioni ulikuwa wapi, nyapara?"

"Hapa mpaka saa kumi na moja. Kisha nikaenda nyumbani."

"Gaudens alikuja?"

"Yule wa mawe? Sikumwona."

"Ijumaa alisema anakuja kuangalia ndani ya rundo."

"Wengi husema. Hakufika."

"Na rundo la Tunu ulilipaka chokaa mara ngapi?"

Ansbert aligusa ufunguo kifuani. "Mara moja. Kama mengine yote."

"Twende ukanionyeshe hiyo mara moja."

Walikwenda. Jamali alikwangua mbele yake, ganda, vumbi, ganda. Kisha jiwe lenye ganda moja. Kisha akalitoa lile la guniani, akaligeuza doa lake juu.

"Hili liliondoka likiwa na koti la chokaa la Ijumaa. Uso wenye chokaa uliuosha vizuri, mgongo ukausahau, kisha Jumamosi usiku ukalipakia garini pamoja na maiti mpaka Kibamba."

Jasho lilimtoka nyapara kwenye paji la uso, lakini hakuwa mjinga. Alicheka.

"Nani kakwambia habari za koti la pili? Huyu? Mke wa muuaji? Mpeleke basi mahakamani, useme mke kamtetea mumewe, na chokaa nayo imemtetea. Wazungu watacheka mpaka waanguke. Rundo ni lake, jiwe ni la lori la mumewe. Mie nimeingiaje?"

Na hapo Jamali akajua kwamba jamaa amesema kweli tupu. Pelling angelisikia jina Salumu mara mbili katika maelezo hayo, na asisikie kingine. Alihitaji kitu ambacho hata mtu asiyetaka kuona ataona. Alitazama saa. Ilikuwa saa saba na robo, na kutoka upande wa Kibamba vumbi la gari la Inspekta lilikwisha kuonekana.

Jamali alikwenda akasimama katikati ya barabara, mikono ameitanua, mpaka gari likalazimika kufunga breki.

"Sajini! Wewe lewa?"

"Teremka, Bwana Inspekta. Dakika kumi."

Kulikuwa na kitu katika sauti yake kilichomfanya Pelling ateremke. Waliingia yadini. Jamali aliwageukia wanawake. Hakuwafokea tena, alikuwa ameshaona aibu ya ile mara ya kwanza.

"Ndani ya marundo haya mna kitu alichokifia mtu. Nikiyavunja mie, wataniambia nimevunja mali ya serikali bila hati. Nyie ndio mmeyapanga. Mnajua mlichokiweka. Mtu wenu mmoja yuko mahabusu, na siwezi kumtoa peke yangu."

"Atakayegusa rundo," Ansbert aliunguruma, "hana kazi. Leo na milele. Wala jasho la mwezi huu hatalipwa!"

Nyundo zote zilikuwa chini. Upepo ulipeperusha vumbi la chokaa. Jamali alihesabu pumzi zake, akaona imeshindikana, akaona pia hawezi kuwalaumu.

Tunu alitembea mpaka kwenye rundo lake. Aliingiza vidole kwenye ufa, akalishika jiwe la kwanza, akaling'oa na kulitupa miguuni pa nyapara. Akang'oa la pili. La tatu. Kwenye la sita ubavu wa rundo ulibomoka wenyewe, na kutoka ndani yakamwagika mawe ya njano. Ni jiwe la mchanga la Kibamba, laini, lile linalomomonyoka kwa ukucha. Mengine yalipasuka kwa kuanguka tu, yakawa vumbi. Jiwe la mlimani lilikuwa ngozi tu. Nyama yote ilikuwa mchanga.

"Hiyo iende kwenye daraja?" Pelling aliuliza, na kwa mara ya kwanza hakuwa akimuuliza mtu aliye chini yake. "Mvua kidogo tu, daraja anguka."

"Na malori yaliyo juu yake," alisema Jamali. "Na wenye malori."

Somoe aliweka nyundo begani, akaenda kwenye rundo lake. "Mie nilikuwa nikijua tutakufa na dhambi hii," alisema, na akapiga. Mwanahawa akafuata, mtoto mgongoni. Kisha wakainuka wote, ishirini, wakiyabomoa marundo ya mwezi mzima kwa nyundo na kwa mikono, wakilia, wakitukana matusi ambayo Jamali hakuwahi kuyasikia kwa watu wazima. Mawe ya njano yalimwagika kila upande. Vumbi jeupe na vumbi la njano vikapanda pamoja.

"Acheni!" Ansbert alipiga kelele. Alimkamata Somoe mkono, na wanawake watano wakamgeukia na nyundo. Akarudi nyuma mpaka akagonga gari dogo la yadi. "Acheni! Si mie niliyetaka! Mie nimepewa amri, mawe ya mlimani nje, ya Kibamba ndani! Yule mtu nilimwambia aliache jiwe! Nilimwambia mara mbili! Akasema hapana, lazima alione la ndani, ana karatasi inamsubiri..."

Alinyamaza. Amechelewa. Jamali alikuwa amekwisha kuuchomoa ule ufunguo shingoni mwake na kumfunga pingu.

"Nani alikupa amri?"

Nyapara alimtaja mwenye zabuni, mzungu wa kampuni, ambaye mchana ule ule alikuwa hemani akila na wapima barabara. Pamoja na Inspekta. Pelling alikuna shingo.

"Hiyo si ya faili hii, Sajini."

"Ni ya faili hii," alisema Jamali, na akaiandika pale pale, juu ya boneti ya gari la Inspekta, kwa herufi kubwa, akasoma kwa sauti wanawake wote wasikie, akamtaka Pelling atie sahihi chini yake. Pelling aliwatazama wanawake ishirini wenye nyundo. Akatia. Kisha akatia sahihi nyingine, ya kumtoa Salumu.

Somoe alipiga kigelegele kimoja, kikamkwama. Hakuna aliyekiitikia, maana mbele yao kazi ya mwezi ilikuwa imelala chini.

Jamali alimkuta Tunu ameketi juu ya mabaki ya rundo lake. Viganja vilikuwa vinamtoka damu. Alimpa habari, kwamba kabla ya magharibi mumewe atakuwa nyumbani. Alitegemea atalia au atacheka.

"Gaudens aliniuliza, afande," Tunu alisema. "Ijumaa hiyo, adhuhuri, kabla hajaenda kunywa chai yake. Alikuja kwa adabu, akaniamkia, akaniuliza dada, ndani ya rundo lako mna nini. Nikaogopa kazi. Nikamwambia mna mawe kama ya nje." Alifuta mikono kwenye khanga. "Ningemwambia kweli, asingekuja jioni kuchomoa."

Tangu asubuhi Jamali alikuwa amemkasirikia Pelling, askari wawili, nyapara, mzungu wa kampuni na nafsi yake. Alitafuta hasira nyingine ya kumsaidia kujibu, akaikosa.